Safari ya Vidole Vyangu Kumi

Mama Salumu kaniuliza bombani, namba ya kitambulisho niliipataje. Mke wa jirani kaniuliza shambani, jembe mkononi. Wengine mnauliza kwa macho tu, mkiniona napita. Nimechoka kurudia habari moja kwa masikio mengi. Darasa la nne nililosoma linanitosha kuandika, na pale linaponipungukia, mjukuu wangu mdogo atanyoosha herufi. Basi kaeni msome, kisha mniache nilime.

Kwa asiyenijua: mimi ni Mama Zuhura wa Mkunya. Zuhura wangu alitangulia mbele ya haki, akaniachia mtoto mmoja, Fadhila. Baba yake alivuka Ruvuma kutafuta maisha, mpaka leo hajaleta hata salamu. Huyo Fadhila ndiye aliyechaguliwa chuo cha uuguzi. Katika nyumba yetu hajawahi kutokea mtu wa kuvaa gauni jeupe la hospitali. Najivuna, ndiyo, na atakayechukia anywe maji.

Fomu ya chuo ilitaka namba ya kitambulisho cha mlezi. Mlezi ni mimi. Mambo yangu mengine yote ya kitambulisho yalikwisha zamani, yalibaki vidole tu, kubonyeza kwenye mashine. Fomu ilitakiwa ifike Jumatatu inayofuata. Isipofika, nafasi ya Fadhila anapewa mwingine.

Mkunya mpaka Newala

Kabla sijatoka, kila mtu alinipa ushauri ambao sikumwomba. "Usiende hivihivi, Mama Zuhura. Mkono mtupu haulambwi." Nikabangua korosho siku mbili, nzuri, nyeupe, zisizovunjika, nikazijaza kwenye mfuko wa kitambaa. Nilijua naupeleka kwa mkubwa. Sisemi uongo, niliufunga kwa roho moja, kama mtu anayefunga chumvi ya safari.

Mkwe wangu mwingine, mume wa mdogo wake Zuhura, alinipakia pikipiki, tukafika Newala Jumatatu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Ofisini nilimkuta binti mwenye miwani, mdogo, heshima zake kamili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta vidole."

Akacheka. Akanishika mkono, akauweka juu ya kioo. Mashine ikawaka taa nyekundu. Akapangusa kwa kitambaa, akarudia. Nyekundu. Mkono wa pili, nyekundu. Tukahangaika mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kukuambia toka.

"Haivisomi, bibi," akasema.

Ahaa. Nikajua tumefika penyewe. Wenzangu wa Mkunya hawakukosea: mashine inakataa mpaka ipewe chakula. Nikautoa mfuko, nikauweka mezani taratibu, nikamkonyeza.

Binti akaruka kama kaona nyoka. "Bibi, toa hii hapa!"

"Ni korosho tu, mwanangu. Za kutafuna."

"Toa, bibi. Tena sasa hivi."

Nikautoa. Moyoni nikasema anaogopa macho ya watu, au anaona kichache. Akaniandikia kikaratasi, akanieleza kwamba Masasi kuna mashine mpya zaidi, huenda ikavisoma vidole vyangu, niende kesho yake. Nilitoka pale nimenuna. Nilijiona nimetolewa kwenye mdomo mdogo, napelekwa kwenye mdomo mkubwa.

Mteremko, tairi na ming'oko

Nililala kwa mdogo wangu pale Newala, asubuhi nikapanda basi. Basi lenyewe lilianza vizuri, likateremka kutoka uwanda wa juu kwa kiburi, na hatukufika mbali chini tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa limekwisha upepo. Dereva akaondoka na tairi begani, akapanda pikipiki ya mtu, akatuacha.

Tukakaa kwenye nyasi. Nashukuru kulikuwa na mama mmoja na beseni lake la viazi vya porini, ming'oko ya kuchemsha, bado ya moto. Mnajua ming'oko inavyofanya watu kuwa ndugu: kila mmoja anamenya chake, vidole vinanata, mdomo unafunguka. Nikaulizwa naenda wapi. Nikasema.

Fundi cherehani mmoja, mtu wa Newala, akapiga ulimi. "Masasi? Bila kitu hupiti, mama. Pale wanakula mpaka karatasi."

"Wewe walikula chako kipi?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi sijawahi kwenda. Ila kaka wa jirani yangu..."

"Kaka wa jirani yako yuko hapa?"

"Hayupo."

Watu wakacheka. Mama wa ming'oko naye akasema shangazi yake alizungushwa mwezi mzima. Nikamuuliza, aliombwa? Akafikiri, akamenya, akala. "Kuombwa hakuombwa. Lakini mtu mzima akizungushwa si anaelewa?" Mwingine alisikia kwenye redio, lakini hakumbuki redio ipi. Mwingine alisikia msikitini. Nikamwambia msikitini nako mnaenda kusikia hayo? Akarudi kwenye ming'oko yake.

Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa hajasema. Akajifuta mikono, akasema polepole, "Mimi nilitoa. Zamani, nilipofuatilia karatasi za kifo cha ndugu yangu. Karani aliniambia kwa mdomo wake, nikampelekea mbuzi. Mpaka leo inaniuma, maana yule mbuzi alikuwa wa arobaini ya marehemu."

Hakuna aliyecheka hapo. Huyo nilimwamini, na namwamini hata sasa. Mbuzi wake alichinjwa kweli. Lakini nikitazama nyuma naona hivi: mbuzi alikuwa mmoja, na basi zima lilikuwa linasikia harufu ya nyama.

Siku ile sikuyawaza hayo. Niliukumbatia mfuko wangu nikaomba Mungu zitoshe.

Masasi, kwenye benchi

Tuliingia Masasi saa nane, jua limekaa juu ya yale majabali yao kama kikaango. Getini mwa ofisi alisimama mwanaume, shati limepigwa pasi, faili kwapani.

"Shikamoo, mama mkubwa. Umeleta vidole?"

Nikashangaa amejuaje. Kumbe mikono yangu ndiyo iliyomwambia, imeungua mafuta ya ganda la korosho tangu ujana, myeusi mpaka kwenye kucha.

"Mashine ya humu ina mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Bila kumwona, itakataa tu. Una chochote?"

Nikampa mfuko wote. Akasema niketi kwenye benchi, yeye anazunguka nyuma kumpelekea. Nikaketi nimetulia, mtu aliyemaliza mambo yake. Nikasubiri. Waliotangulia waliitwa mmoja mmoja, kwa zamu, na hilo likanishangaza kidogo, maana nilitegemea kurukishwa.

Aliyeniita ni mwanaume wa makamo. Alipofungua mdomo tu nikajua Mmakua huyu, mtani wangu mimi Mmakonde. Akajitambulisha kuwa kwao Chidya. Nikamwambia, "Sawa, mtani. Mzigo umeupata?"

"Mzigo gani, mama?"

"Wa korosho. Si mtu wako kakuletea?"

Uso wake ukabadilika. Akainuka, akatoka nje, nami nyuma yake. Getini hapakuwa na shati la pasi wala faili. Mlinzi mzee akasema, "Yule? Hata mfanyakazi si mfanyakazi. Kila siku namfukuza, kila siku anarudi."

Tukarudi ndani. Yule ofisa akakaa, akakaa tena vizuri, akasema, "Kwa hiyo umeliwa kwa jina langu."

Nikamjibu, "Mimi nimeliwa korosho. Wewe umeliwa jina. Tazama nani kapata hasara."

Akauweka mkono wangu kwenye mashine. Nyekundu. Nyekundu tena. Akaugeuza mkono wangu juu chini kama mtu anayekagua muhogo.

"Mama, unabangua?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Mama yangu naye. Vidole vyake viko hivihivi." Akaniachia mkono. "Usishike korosho mpaka Ijumaa. Asubuhi na jioni loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, upake mafuta ya nazi. Ijumaa njoo."

Ilikuwa Jumanne. Ijumaa, na fomu ni Jumatatu. Nikatoka nikisema moyoni, hawa wote wana kitabu kimoja: njoo kesho, njoo Ijumaa. Nimezungushwa. Na sasa sina hata mfuko.

Chiwata, siku za kukaa

Wifi yangu, Mama Rehema, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Chiwata. Nikaenda kwake, sikuwa na pengine. Alinipokea kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akanisikiliza, akatoa hukumu kabla sijameza.

"Anataka kuku."

"Hakusema kuku."

"Atasemaje mbele ya watu? Wifi, umezeeka au umekuwa mtoto? Lisemwalo lipo."

Sikuwa na kuku. Nikafanya alichosema ofisa, kwa sababu hakikuwa na gharama. Jumatano nzima mikono ndani ya bakuli, kisha mafuta ya nazi mpaka viwikoni. Mama Rehema alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani njooni mwone! Mwali wetu huyu, bado kumcheza tu!"

Alhamisi ikawa ngumu. Mchana walikuja majirani wanne kumsaidia Mama Rehema kubangua, maana zamu ilikuwa yake. Mnajua wenyewe: leo kwangu, kesho kwako. Mkeka ukatandikwa, korosho zikakaangwa kwenye debe lililotobolewa, moshi ukapanda, vigongo vikaanza, ko, ko, ko. Na mimi nimekaa pembeni, mikono juu ya magoti, inang'aa mafuta kama ya mke wa tajiri.

Mmoja akasema bila kunitazama, "Mgeni siku mbili."

Wa pili akamalizia, "Ya tatu mpe jembe."

"Mwacheni," akadakia wa tatu. "Huyu ni wa Newala. Kwao korosho zinajibangua."

Walicheka, nami nikacheka, lakini sikio likawaka moto. Mwanamke anayekaa mikono mitupu wenzake wakibangua ni mgonjwa, ama mfiwa, ama ana maringo. Mimi sikuwa mgonjwa, wala sikufiwa. Likabaki la tatu. Nikavumilia lundo moja. Lundo la pili nikasogea mkekani. Nikasema, kidogo tu, niwafunge midomo. Nikashika kigongo.

Ndugu zangu, nilipoinua kichwa, maganda yalikuwa yamenifika magotini. Niliwashinda wote, na yule wa "korosho zinajibangua" akabaki ameziba mdomo. Jioni nikaosha mikono kwa majivu, nikaosha kwa sabuni, nikapaka mafuta nusu chupa. Nikalala nikijidanganya kwamba mashine ya Serikali haina pua.

Ijumaa

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Ofisa wa Chidya akanisalimia, akauweka mkono wangu kwenye kioo. Nyekundu.

Hapo nilipasuka kama lile tairi. Nilimwona Fadhila na begi lake alilokwishapanga, nikaona nafasi yake inakaliwa na mtoto wa mtu mwingine. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kuita mbuzi:

"Sema unachotaka! Sema mbele ya watu hawa! Unataka kuku? Unataka mbuzi? Mjukuu wangu anakosa chuo kwa ajili ya tumbo lako!"

Foleni nzima ikanigeukia. Yule mtu hakunijibu kwa hasira. Alinishika mkono, akauinua mpaka puani, akaunusa.

"Mama," akasema, "umebangua."

Mimi, Mama Zuhura, ambaye Mkunya hakuna wa kunishinda kwa maneno, nikauficha mkono ndani ya kanga.

"Umebangua jana. Tena nyingi."

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Mlinzi mzee alicheka akashika mlango. Nami, nifanye nini? Nikaketi nikajifunika uso kwa kanga, nikacheka ndani ya kanga, na machozi yalikuwemo humohumo.

Kicheko kilipopoa, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanyoosha mikono yake. Myeusi kama yangu. "Mimi nimerudishwa mara mbili," akasema. "Nikajua kuna kitu kinatakiwa. Leo nimekuja na mayai." Kweli, alikuwa na mayai kwenye kikapu, yamefunikwa majani.

"Alikuomba?" nikamuuliza.

"Hakuniomba. Aliniambia nipumzishe vidole. Nani anayepumzisha vidole? Nikaona ni fumbo."

Ofisa alimtazama, akanitazama, akayatazama yale mayai. Aliketi pale kwenye benchi letu, ubavuni mwangu. "Miaka yote hii," akasema, "mimi nilidhani nimeeleza."

Kisha akaanza kueleza, safari hii kwa vidole vyake mwenyewe. Kwamba mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, mistari inafutika. Mashine inatafuta mistari, haioni, inawasha nyekundu. Ukikaa siku kadhaa, ngozi inarudi kidogo. Yale maelezo hayakuzidi urefu wa salamu. Kama angeyasema Jumanne, nisingeshika kigongo. Nami kama ningeuliza Jumanne, asingepigiwa kelele. Nikamwambia hivyo, akakubali.

"Korosho unaishika kwa vidole gani?" akauliza.

Nikamwonyesha: gumba na cha shahada ndivyo vinavyoishika, cha kati kinasaidia. Kidole kidogo kinakaa mbali, kama mtu asiyetaka kuchafuka.

"Basi tuanze na huyo asiyetaka kuchafuka."

Akapangusa, akabonyeza kidole kidogo cha kushoto. Mashine ikatulia. Ikawaza. Ikawaka kijani.

Foleni ilipiga vigelegele, wallahi, kama ndoa imefungwa. Kikaja cha pete, kijani. Mkono wa kulia, kidogo, kijani. Magumba yaligoma mpaka mwisho. Kwa hayo alijaza karatasi ya watu wenye vidole vilivyoharibika, akasema lazima mkubwa wake atie sahihi, na mkubwa yuko kwenye kikao. Wenzake wakatoka kwenda kula, yeye akabaki. Akachukua vidole vya yule mwenye mayai, na vya mwingine, na vya mwingine. Mayai nayo yalirudi kwa mwenyewe, yote.

Sahihi ilipatikana baada ya watu kutoka msikitini. Saa tisa akanipa kikaratasi chenye namba yangu, ndefu kama foleni ya maji ya kiangazi. Nikampigia Fadhila palepale.

"Bibi, mpe mtu akusomee."

"Mtu gani? Shika kalamu."

Nikasoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kidole chini ya kila moja. Yeye huko Mkunya anarudia baada yangu. Tulipofika ya mwisho sikusikia jibu. Nilisikia simu imeanguka, na mtoto anapiga kelele uani, anawaambia kuku.

Nilimgeukia ofisa nikakosa la kumpa, nikaona aibu ya kutoa shukrani tupu. Nikamwambia, "Mmakua wewe, leo umenishinda."

"Mmakonde kakubali kushindwa," akamwambia mlinzi. "Andika hiyo, isisahaulike."

Mkunya tena

Nilirudi Jumamosi, basi halikupasuka kitu. Jumatatu fomu ilifika. Fadhila ameondoka, yuko chuoni, kanipigia simu juzi kunieleza jinsi ya kupima homa, kana kwamba sijalea.

Sasa tuje kwenu. Mmeniuliza nilitoa nini. Nikasema ofisini sikutoa kitu, aliyekula korosho zangu ni tapeli wa nje ya geti, na mkimwona mwenye shati la pasi na faili mpitieni mbali. Hamkuniamini. Niliona mnavyotazamana. Keshoye Mama Salumu kaja na kikapu cha mbaazi, kakiweka mlangoni, kaniinamia sikioni: "Mama Zuhura, usituzunguke. Lazima una mtu kule. Niunganishe na mtu wako."

Nilitaka kumfukuza. Halafu nikajiona mimi mwenyewe mbele ya yule binti wa Newala, na mfuko wangu, na jicho langu la kukonyeza. Hasira ikaisha. Nikamrudishia mbaazi zake. Nikamwambia nyoosha mikono. Ilikuwa kama yangu. Alikuwa amekataliwa na mashine tangu mwaka jana, akakaa kimya, akisema hana cha kutoa.

Nikamwambia mtu wangu anataka kitu kimoja, nacho kigumu: wiki nzima usiguse korosho. Akaguna. Nikamwambia aniletee wengine waliokataliwa. Walikuja watano. Jumatatu tunakwenda Newala, mashine ileile, tunaanza na vidole vidogo. Nami nina maneno ya kumwomba radhi yule binti wa miwani.

Basi msishangae mnayoyaona barazani kwangu. Jana walikaa wote sita, katikati ya msimu, kila mmoja na bakuli lake la maji ya vuguvugu, hakuna kigongo, hakuna moshi, hakuna ganda hata moja uani. Shemeji yangu alikuwa anatoka shambani na mzigo wa kuni. Akatuona. Akatua kuni polepole, akavua kofia, akasogea kwa adabu.

"Poleni sana, mama zangu," akasema. "Nani amefariki?"

Mama Salumu akainua vidole vyake vinavyochuruzika maji. "Hakuna, baba. Tunataka vitambulisho."